Maswali ya Wasomaji: Spika Inapoketi Safu Moja na Fidla na Tarumbeta

Katika toleo lililopita niligusia, kwa aya mbili tu, utunzi wa zama hizi wa vikundi vidogo ambamo wapigaji wa filimbi, tarumbeta na fidla huketi pamoja na spika zinazotoa sauti zilizoundwa kwa mashine. Niliuita muziki wa chemba, kwa kuwa asili yake ni kupigwa chumbani na watu wachache, kila mmoja akiwa na nota zake ambazo hazipigwi na mwenziwe. Aya hizo mbili zimeniletea barua nyingi kuliko makala yangu yoyote ya mwaka huu, na si zote za pongezi. Leo najibu tano.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mpigaji fidla wa taarabu hapa Unguja tangu nikiwa na miaka 14. Zamani tulikuwa tukiketi safu nzima ya fidla. Leo harusini anaitwa kijana mmoja na kinanda chake cha umeme, anabonyeza kitufe, na fidla zote zinatoka. Sasa wewe unatusifia Wazungu walioiweka mashine ile ile katikati ya fidla. Huu si ugonjwa ule ule uliotumaliza sisi?*
Msomaji wa Ng'ambo, Zanzibar

Marahaba. Uchungu wako naufahamu, na wala sitakuambia kwamba haukustahili. Hata hivyo, mashine hizo mbili zimeajiriwa kazi tofauti kabisa. Kinanda cha harusini kimeletwa ili kiwe fidla ya bei nafuu. Kinaiga sauti yako, kinaiiga vibaya, na mwenye shughuli anaridhika kwa sababu watu wanacheza. Katika muziki nilioutaja, mambo yamegeuzwa: fidla ndiyo inayotakiwa kufuata kile ambacho mashine imekionyesha.

Niruhusu nianzie mbali kidogo. Chukua besi, ile fidla kubwa ya kusimama nayo ambayo unaijua vyema katika taarabu, uugonge uzi wake mnene kuliko zote. Uzi huo hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, nasi tunasema tumesikia sauti moja. Kwa kweli tumesikia sauti nyingi zilizopandana: ipo ya mitetemo 82, ipo ya 124, ya 165, ya 206, na kuendelea kupanda, kila moja ikiwa na nguvu yake. Sikio huzimeza zote pamoja kama ulimi unavyoimeza pilau bila kuhesabu bizari, mdalasini na pilipili manga. Nguvu za visauti hivyo, na namna vinavyochipuka na kufa, ndizo zinazotufanya tutofautishe besi na tromboni hata zikipiga nota ile ile.

Miaka ya 1970, watunzi kadhaa vijana wa Paris waliamua kuipambanua pilau hiyo. Gérard Grisey, katika kipande chake kiitwacho Partiels cha mwaka 1975, alianza na nota nzito ya tromboni, ambayo ni ndugu wa mbali wa siwa kwa kuwa zote mbili hulizwa kwa mtetemo wa midomo. Aliitazama sauti hiyo katika picha iliyochorwa na mashine, akaona visauti vyake vimepangana kama vidato vya ngazi, kisha akamgawia kila mpigaji kidato chake: huyu wa filimbi achukue hiki, yule wa klarineti kile, fidla zipande juu kabisa, na hata akodiani ikapewa fungu lake. Kipande kinaanza kwa besi na tromboni kuguna chini, halafu wengine wanaingia mmoja mmoja kutoka chini kwenda juu, na msikilizaji anahisi kana kwamba ameingizwa ndani ya tromboni yenyewe.

Hapa ndipo wewe, mpigaji wa taarabu, unapoingia kwa haki yako. Kisauti cha 11 juu ya uzi ule wa besi kina mitetemo kama 453 kwa sekunde. Katika piano hakuna kibao chake. Kibao kimoja kiko kwenye 440 na kinachofuata kiko kwenye 466, na hicho tunachokitafuta kimekaa katikati yao, mahali ambapo mpiga piano hana pa kuweka kidole. Fidla haina vigawanyo shingoni, kwa hiyo kidole chaweza kusimama popote. Nawe uliyelelewa katika Rasti na Bayati, zile maqamu za Kiarabu ambamo robo toni, yaani nusu ya hatua iliyo kati ya vibao viwili jirani vya piano, ni chakula cha kila siku, kidole chako kimeshawahi kusimama jirani na hapo mara elfu. Nimewaona wanafunzi wa vyuo vikubwa wakitokwa na jasho kuitafuta robo toni waliyoandikiwa na mtunzi wa namna hii. Sidhani kama wewe ungetokwa na jasho.

Mwenziwe Grisey, Tristan Murail, ambaye mwaka 1973 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kikundi cha l'Itinéraire huko Paris, alikwenda hatua moja mbele, na hatua hiyo ndiyo inayokuhusu zaidi. Katika Désintégrations, kipande alichokitunga mwaka 1982 na 1983 katika kituo cha utafiti wa muziki cha IRCAM, ana wapigaji 17, kuanzia filimbi, obo na klarineti, honi, tarumbeta na tromboni, hadi fidla, selo na besi, pamoja na sauti zilizoundwa kwa kompyuta. Kompyuta haikuwekewa fidla bandia. Ilipewa uchambuzi wa sauti za ala halisi, za piano, za ala za shaba na za selo, ikaziunda upya visauti vyake kimoja kimoja, ikivivuta, ikivipinda na kuvitenganisha kwa namna ambayo pumzi ya binadamu haiwezi. Kisha Murail akachukua uchambuzi ule ule akawaandikia wapigaji nota zao. Kwa hiyo spika na tromboni ni watoto wa tumbo moja, na ndiyo maana mwanzoni, pale sauti za kengele kengele zinapotoka huku na huku, huwezi kuapa ni ipi iliyotoka kwenye shaba na ni ipi iliyotoka kwenye waya. Nimekisikiliza kipande hicho mara nyingi nikiwa nimefumba macho kwa makusudi, na bado hunidanganya.

Mwaka 1994 alirudia njia hiyo kwa wapigaji 11 katika L'Esprit des dunes, safari hii akianzia kwenye sauti za waimbaji wa Mongolia ambao koo moja hutoa nota mbili kwa pamoja, na za ibada za Tibet. Kwa faida ya wasomaji wa pwani, niongeze kwamba Murail kabla ya kujikita katika utunzi alisoma lugha ya Kiarabu, cha fasihi na cha Afrika Kaskazini. Sitaki kujenga hoja juu ya jambo hilo, lakini hunifurahisha.

Turudi kwenye lalamiko lako. Muziki huu haujampa kazi mpigaji hata mmoja wa Ng'ambo, na sitajifanya kwamba utampa. Ninachoshikilia ni kwamba humu hakuna kitufe cha kuwafuta wale 17. Ukiwaondoa, spika inabaki na nusu ya sentensi.

*Mhariri, mwambie huyo Mwalimu wako kwamba nimetafuta hivyo vipande alivyovisifu, nimevisikiliza kwa simu nikiwa natoka kazini, na ni kelele tupu. Mlio wa karakana siyo muziki.*
Msomaji wa Likoni, Mombasa

Ndugu yangu, una wenzako wa zamani. Tarehe 2 Desemba 1954, katika ukumbi wa Théâtre des Champs-Élysées huko Paris, kiongozi wa okestra Hermann Scherchen alikiongoza kwa mara ya kwanza kipande cha Edgard Varèse kiitwacho Déserts, kilichopangwa katikati ya Mozart na Tchaikovsky, mahali pabaya kuliko pote pa kumweka. Kilikuwa na wapigaji 14 wa ala za kupuliza, za mbao na za shaba, pamoja na piano na wapigaji watano wa ngoma na matoazi. Na katika sehemu tatu wote walinyamaza ili spika zitoe sauti zilizorekodiwa, nyingi zikiwa za viwandani. Kwa hiyo neno lako "karakana" halikukosea hata kidogo. Watu walizomea, wakapiga makelele, na kwa kuwa redio ya Ufaransa ilikuwa ikirusha tamasha hilo moja kwa moja, zomea zomea hiyo ikaingia majumbani.

Nitakupa nusu ya haki. Nikikisikiliza Déserts leo, sehemu za spika zimechakaa masikioni mwangu, zina harufu ya mtambo wa zamani, ilhali zile za tarumbeta na tromboni bado ni mbichi kama zimeandikwa jana. Nusu ya pili sikupi, kwa sababu umesikiliza kwa spika ya simu, ndani ya matatu au kivukoni, nami sijui. Spika ya simu haiwezi kutoa mitetemo 41 kwa sekunde. Umehukumu nyumba ambayo msingi wake hukuusikia.

*Habari za kazi, Mwalimu. Napiga klarineti katika bendi ya vijana hapa Nairobi. Swali langu ni la kiutendaji: mwimbaji akikosea tunamsubiri, kiongozi akiongeza mwendo tunamfuata. Mashine haina masikio. Sasa katika vipande hivi nani anamfuata nani?*
Msomaji wa Eastlands, Nairobi

Binti yangu, umetia kidole penye kidonda, na watunzi wamekuwa wakikitibu kidonda hicho kwa miaka 70.

Varèse, kama ulivyosoma hapo juu, alikikwepa: wapigaji na kanda ya sauti zilizorekodiwa hawakukutana kabisa, walipokezana tu. Aliyekikabili uso kwa uso ni Mario Davidovsky, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi New York katika kituo cha muziki wa elektroniki cha vyuo vikuu vya Columbia na Princeton. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1960 alitunga mfululizo wa vipande alivyoviita Synchronisms, yaani kwenda sawa kwa wakati. Cha pili, cha mwaka 1964, ni cha filimbi, klarineti, fidla, selo na kanda, kwa hiyo kuna nafasi yako ndani yake. Maarifa yake yalikuwa kuchagua mahali ambapo ni lazima watu na kanda watue kwa pamoja, mahali pafupi pafupi, na kuwaachia wapigaji hewa ya kupumua kwingineko. Cha sita, cha piano, kilimpatia Tuzo ya Pulitzer ya mwaka 1971, nami humwelekeza kila mwanafunzi asikilize mwanzo wake tu: piano inapiga nota moja ya juu, sol, na nota ya piano ikishapigwa huanza kufa, hiyo ni sheria ya nyundo na uzi, lakini hii badala ya kufa inavimba, kwa sababu spika imeipokea chini kwa chini na kuipandisha. Hakuna atakayekuonyesha sekunde ambayo mkono mmoja uliuachia mwingine.

Njia ya tatu ni ya kijeshi. Katika Désintégrations anayeongoza kikundi huvaa visikilizio ambamo husikia mapigo kama ya saa, naye huyafuata na wapigaji humfuata yeye. Inafanya kazi, ila inamgeuza kiongozi kuwa kondakta wa basi, mlangoni yupo, usukani hana.

Ukali wa kanda nimeuonja mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi ughaibuni nilipewa fidla katika kipande cha watu wanne na kanda, na katika tamasha lenyewe nilifunua kurasa mbili kwa pamoja. Nilipiga mistari mitatu kwa kujiamini kabisa kabla sijaona macho ya mpiga klarineti. Tukajaribu kukutana, tukapotezana zaidi, na mmoja baada ya mwingine tukashusha ala; spika ikaendelea yenyewe kwa dakika nzima, kwa utulivu mkubwa, ikamaliza kipande, na hadhira ikapiga makofi kwa kudhani ndivyo kilivyoandikwa.

Tangu wakati huo mashine imeanza kuota masikio. Katika Répons ya Pierre Boulez, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Donaueschingen, Ujerumani, mwaka 1981, wapigaji 24 wa ala za kupuliza na za nyuzi huketi katikati ya ukumbi, wasikilizaji huwazunguka, na nyuma ya wasikilizaji wamepangwa wapigaji sita wa piano, kinubi na ala nyingine za kugongwa, ambao sauti zao hudakwa na maikrofoni, hubadilishwa na kompyuta papo hapo na kuzungushwa kwenye spika. Hapo mashine haina chake cha kusema mpaka mtu apige. Miaka michache baadaye Philippe Manoury, katika Jupiter ya mwaka 1987, aliiandikia kompyuta imsikilize mpiga filimbi, itambue amefika wapi katika nota na itoe sauti zake kwa wakati huo. Mtaalamu aliyeshirikiana naye IRCAM, Miller Puckette, ndiye aliyeandika Max, programu ya kompyuta ya kuundia muziki, iliyopewa jina la Max Mathews, mhandisi aliyeifanya kompyuta ipige muziki katika maabara za Bell mwaka 1957.

Lakini kwa vikundi vingi vya leo suluhisho ni la kawaida zaidi ya hayo yote. Sauti za mashine hukatwa vipande vifupi vifupi, na mpigaji mmoja huketi mbele ya kinanda au kompyuta akizifungulia moja baada ya nyingine, huku akimtazama kiongozi kama wenzake. Akikosea hukosea kama binadamu, na husubiriwa kama binadamu.

*Assalaam alaykum. Majina yote uliyoyataja ni ya Ulaya na Amerika. Hakuna Mwafrika katika habari hii?*
Msomaji wa Muscat

Waalaykum salaam. Yupo, tena alitangulia. Mwaka 1944 mjini Cairo, kijana wa Kimisri Halim El-Dabh aliazima kutoka kituo cha redio chombo cha kurekodi kwenye waya wa chuma, akaenda kuirekodi ngoma ya zaar, ile ya kupunga pepo ambayo msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa, kisha akaingia studio akaondoa mwanzo wa sauti, akaacha mwangwi, akaipinda hadi ikawa kitu kingine. Majaribio ya Pierre Schaeffer kwenye redio ya Ufaransa, ambayo vitabu vingi hufungulia historia hii, ni ya mwaka 1948. Baadaye El-Dabh alihamia Marekani na mwaka 1959 alikuwa akifanya kazi katika kituo kile kile cha New York alikokuja kufanya kazi Davidovsky. Alifariki mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 96.

*Shikamoo Mwalimu. Sisi ni vijana watatu wa Tanga: mmoja ana tarumbeta, mmoja fidla, na mjomba wangu anapiga zumari. Mimi sina ala, nina kompyuta kuukuu. Tunaweza kujaribu muziki huu bila fedha?*
Msomaji wa Ngamiani, Tanga

Marahaba, mwanangu. Mnaweza, na hiyo zumari ndiyo mtaji wenu.

Mwombe mjomba ashike nota moja kwa sekunde 10, ndani ya chumba chenye magodoro na mapazia ili ukuta usirudishe sauti, na umrekodi hata kwa simu, mradi simu isiwe mbele ya mdomo wa zumari. Ifungue rekodi hiyo katika programu ya Audacity, ambayo hailipiwi, na ubadilishe namna ya kuonyesha ili badala ya mawimbi uione picha ya masafa (spectrogram). Utaona mistari imelala mmoja juu ya mwingine kama vidato vya ngazi, ndiyo ile ile aliyoitazama Grisey. Andika nambari za mistari minne au mitano iliyokoza, yaani mitetemo yake kwa sekunde. Mmoja ulio karibu na uwezo wa tarumbeta mpe mwenye tarumbeta, na ukumbuke kwamba tarumbeta ya kawaida hutoa sauti iliyo toni moja chini ya ile iliyoandikwa kwenye karatasi, usije ukamlaumu bure. Mwingine mpe fidla, naye autafute kwa kusikiliza wala asiutafute kwa macho. Iliyobaki ni yako.

Kwa sauti zako tumia Pure Data, programu nyingine ya bure iliyoandikwa na huyo huyo Puckette, nayo haisumbui kompyuta kuukuu. Ndani yake unachora visanduku na kuviunganisha kwa mistari kama nyaya. Kisanduku chenye maneno osc~ 440 hutoa nota ya la iliyo tupu, isiyo na visauti vingine, na ukibadilisha 440 kuwa nambari uliyoisoma kwenye picha ya zumari utakuwa umepata kidato chako. Weka kisanduku kimoja kwa kila mstari uliobaki, kila kimoja na kidhibiti chake cha kupandisha na kushusha nguvu, na usivifungue kwa pamoja. Kipande chenu cha kwanza kisizidi dakika mbili.

Spika iwekeni sakafuni kati ya tarumbeta na fidla, isiwe juu ya vichwa vya watu wala mbele yao. Mjomba msimwambie apunguze sauti, kwa kuwa zumari haijui kunong'ona. Yeye apige kama alivyozoea, fidla na tarumbeta zijipime kwake, na spika iwe ya mwisho kupandishwa.